Tela la jeshi la zamani linaliwa na kutu: nilitengeneze au niliuze chuma chakavu?

"Shikamoo mtaalamu. Nina tela la jeshi la zamani, lile la Kiingereza la tairi mbili, la kuvutwa na Land Rover. Nililinunua Muheza mwaka jana kwa mzee aliyekuwa akibebea machungwa, likiwa na kutu kidogo tu. Mimi nabebea samaki na barafu kutoka soko la Deep Sea hapa Tanga kwenda Lushoto, na usiku nalilaza nyumbani Sahare chini ya kibanda. Ndani ya mwaka mmoja sakafu imetoboka sehemu tatu, mabawa yamevimba chini ya rangi, na kwenye maungio bati limeachana. Land Rover yenyewe ina umri huohuo, lakini bodi yake haina kutu hata chembe. Fundi wa kwanza ameniambia nigongelee bati jipya juu ya sakafu, nipake redoksaidi na rangi. Wa pili anasema chini nipake oili chafu au lami. Wa tatu anasema asidi ya betri itakula kutu yote. Pia kwenye mkono wa kuvutia, karibu na bodi, kuna mstari wa kutu unaorudi kila nikiufuta. Je, tela hili linaokoka? Nataka nimalize kazi kabla ya masika."

Marahaba, mwanangu. Naanza na kile ulichokitaja mwishoni, maana hicho hakingoji masika. Mstari mwembamba wa kutu unaorudi mahali palepale kila ukifutwa, tena karibu na mahali mkono unapoungana na bodi, mara nyingi si kutu ya juu. Ni ufa. Tela likivutwa, mkono hupinda kidogo na kurudi, ufa hufunguka na kujifunga, maji huingia, na unga mwekundu husagika humo ndani na kutoka nje. Ndiyo maana unafuta leo, kesho kutwa umerudi. Na wewe unapanda nalo kutoka Mombo hadi Lushoto, kona juu ya kona, watu wanatembea kandokando ya barabara. Mkono ukikatika pale, tela zima la samaki na barafu litashuka mlima bila dereva. Kuanzia leo usilivute na mzigo mpaka ujue hali yake.

Kujua si kazi ngumu. Piga mahali pale brashi ya waya mpaka chuma kionekane, futa kwa tina ya rangi, acha pakauke. Paka mafuta ya taa, subiri nusu saa, kisha futa kwa kitambaa kikavu mpaka pasibaki unyevu. Sasa nyunyiza unga wa chaki nyeupe, pagonge kwa nyundo ndogo, ungoje. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatapanda na kuchora mstari kwenye chaki. Ukiuona mstari huo, kazi hiyo si yako wala si ya kijana anayechomelea mageti. Mpelekee fundi anayetengeneza chesisi za malori, umwambie wazi kwamba ni mkono wa kuvutia. Ufa hauzibwi kwa kupitisha moto juu yake. Unachimbwa mpaka mwisho wake, unajazwa upya, kisha unaongezwa kipande cha kuimarisha chenye ncha zilizochongoka, kwa sababu mshono unaokatiza chuma kwa upana, wima na mnyoofu, huanzisha ufa mwingine pembeni yake. Akikuambia apake puti na rangi, mshukuru na uondoke na tela lako.

Tukiuweka mkono kando, swali lako kubwa ni kama tela linaokoka. Likiwa na chesisi nzima, ndiyo, linaokoka. Sakafu iliyotoboka inatisha macho, lakini ndiyo sehemu rahisi kuliko zote kutengeneza. Wasiwasi wangu ni mwingine. Ukilitengeneza bila kujua kwa nini limeharibika kwa mwaka mmoja mikononi mwako, wakati kwa yule mzee lilidumu miaka, mwakani utaniandikia swali hilihili.

Kwanza hilo la Land Rover, maana naona limekufanya ufikiri umeuziwa chuma kibovu. Bodi ya Land Rover ya zamani kwa sehemu kubwa si chuma. Gari hilo lilipoingia sokoni mwaka 1948, Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, na mabati ya bodi yalitengenezwa kwa mchanganyiko wa aluminiamu. Aluminiamu haifanyi kutu nyekundu. Ikishikwa na chumvi hutoa unga mweupe, hasa inapogusana na chuma. Tela lako, ambalo kwa maelezo yako huenda ni lile la tani robo tatu ambalo wengi wanaliita Sankey kwa jina la watengenezaji wake, ni bati la chuma cha kawaida kilichopakwa rangi. Hakuna siri ya kijeshi ndani yake. Lala chini ya hiyo Land Rover utazame chesisi, ambayo ni ya chuma. Sitashangaa ukikuta nayo inaliwa, na ni heri uone sasa.

Sasa sikiliza kutu inavyofanya kazi. Chuma hakiozi kwa uzee. Kinahitaji maji na oksijeni kwa pamoja. Tone la maji likitulia juu ya chuma, sehemu moja ya chuma huanza kuyeyuka na kuachia chembe za umeme. Chembe hizo husafiri ndani ya chuma chenyewe mpaka sehemu nyingine inayopata hewa zaidi, na huko hukutana na maji na oksijeni. Chuma kilichoyeyuka nacho hukutana na mazao ya upande ule wa pili, na hapo ndipo unga mwekundu unapozaliwa. Ili mzunguko huo uende, maji lazima yapitishe umeme. Maji ya mvua hupitisha kwa shida. Maji ya chumvi hupitisha vizuri mno.

Yule mzee wa Muheza alibeba machungwa, zaidi ya kilomita 30 kutoka hapa, na chumvi inayobebwa na upepo wa bahari hupungua upesi sana kadiri unavyoingia bara. Wewe unalaza tela Sahare, pua yake inatazama bahari, na mchana unalijaza samaki. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa kila lita. Kila barafu inapoyeyuka na kuosha matenga yaliyotoka kwenye mashua, maji yenye chumvi hushuka sakafuni, huingia kwenye maungio, yanakauka. Safari inayofuata yanaongezeka mengine.

Kukauka huko ndiko kunakowadanganya watu. Chumvi haibaki kavu. Chumvi ya kawaida hunyonya unyevu wa hewani na kugeuka maji pale unyevu unapofika kama asilimia 75, na chumvi ya bahari huanza mapema zaidi kwa sababu ina magnesiamu ndani yake. Usiku wa Tanga hupita kiwango hicho karibu mwaka mzima. Umeona chumvi ya jikoni inavyolowa masika bila mtu kuimwagia tone. Basi jua likizama, chumvi iliyoko chini ya sakafu ya tela lako inalowa vilevile, na kutu inafanya kazi usiku kucha wakati wewe unaamini tela limelala kavu kibandani.

Na hicho kibanda, mwanangu, kinakuumiza. Najua umekijenga kwa nia njema. Mvua ni maji matamu, nayo huosha chumvi. Ndiyo maana kwenye vyombo vya pwani utakuta upande wa juu unaonyeshewa na bado una rangi, na upande wa chini ambao mvua haiufikii umeoza. Kibanda kisicho na kuta kinaruhusu upepo wa chumvi kuingia na kinazuia mvua isiuondoe. Sisemi ukivunje. Nasema tela linalolala humo linahitaji kuoshwa kwa mkono wa mtu, kwa kuwa mvua haitakusaidia. Turubai lililofungwa likabana hadi chini ni baya zaidi, linafungia unyevu ndani.

Maungio nayo yana habari yake. Mabati mawili yakilaliana, maji huvutwa katikati na hewa haifiki. Sehemu isiyo na hewa ndiyo inayoyeyuka, na sehemu ya nje yenye hewa inasaidia kuila ile ya ndani. Halafu kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, mara mbili na zaidi, kwa hiyo inasukuma. Inasukuma kwa nguvu ya kuachanisha mabati yaliyochomelewa. Ndicho ulichokiona ukasema "bati limeachana". Huwezi kulirudisha kwa nyundo likatulia mpaka uitoe kutu iliyo katikati. Mabawa yaliyovimba chini ya rangi nayo ni hadithi ileile, rangi imeinuliwa na kutu iliyo nyuma yake.

Ukilielewa hilo, ushauri wa mafundi wako watatu unaweza kuupima mwenyewe. Bati jipya juu ya sakafu mbovu linatengeneza ungio moja kubwa kama sakafu nzima, lenye chumvi tayari ndani. Litapendeza kwa msimu mmoja, na kutu itakuwa inakula kutoka chini pasipo macho yako kuona. Kama bati lenyewe ni la kuezekea, geji 28 au 30, ni jembamba mno kubeba matenga, na moto wa kuchomelea unaunguza zinki yake na kutoa moshi mweupe unaomletea mchomeleaji homa na kutetemeka jioni yake.

Oili chafu sitaidharau kabisa, kwa sababu ni kweli mafuta huzuia maji yasikiguse chuma kwa muda. Lakini oili iliyotoka kwenye injini imebeba asidi na vumbi la metali, inashika mchanga, inaoshwa na maji ndani ya wiki chache, na ikishaingia kwenye maungio hakuna rangi itakayoshika pale tena. Isitoshe wewe unabeba chakula cha watu. Oili chafu ikae mbali na samaki. Lami ina nafuu juu ya chuma kilicho safi na kikavu. Juu ya chuma chenye chumvi inafunika tu, kisha jua linaikausha, inapasuka, maji yanaingia kwenye ufa na hayatoki. Nimekwangua lami chini ya magari mengi nikakuta bati limebaki maganda, huku mwenye gari akiamini bati la chini ni zima.

Asidi ya betri achana nayo, na umwambie fundi wa tatu naye aache. Ni kweli inakula kutu. Inakula pia chuma kizima, ikiingia kwenye maungio huwezi kuitoa yote, na mabaki yake yanaifanya kutu irudi upesi kuliko kwanza. Tena inaunguza macho na mapafu. Dawa za kutu zinazouzwa madukani huwa na asidi ya fosfori au tanini. Hizo ni kitu kingine, ninazikubali kwa kiasi. Zinageuza kutu nyembamba kuwa tabaka jeusi lililotulia, lakini zinageuza kile tu zinachokigusa. Kutu nene inabaki hai chini yake, na chumvi haziondoi.

Redoksaidi inanihuzunisha kidogo, kwa sababu watu wanaiamini kwa heshima ambayo ni ya mwingine. Zamani praima, yaani rangi ya kwanza inayokaa juu ya chuma, ile nyekundu ya meli na madaraja ilitengenezwa kwa madini ya risasi, na ile kweli ilikuwa ikipambana na kutu, ila ilikuwa sumu ikaachwa. Redoksaidi ya leo ina rangi inayofanana, lakini kinachoipa wekundu ni oksaidi ya chuma, ndugu yake kutu yenyewe. Haipambani na kitu. Inafaa geti la nyumba ya Korogwe. Kwenye tela la samaki la Sahare, tabaka moja la redoksaidi ya mafuta na tabaka moja la rangi juu yake ni kama hujapaka.

Basi kazi yenyewe inaanza na maji, si na grenda. Hili ndilo ninalokuomba ulishike kuliko mengine yote: osha kabla ya kukwangua. Ukipiga msasa chuma chenye chumvi, unaisugua chumvi iingie kwenye vishimo. Peleka tela kwenye mashine ya kuoshea magari, lipigwe maji kwa nguvu juu, chini, ndani ya mabawa, ndani ya kila tundu la chesisi, pamoja na sabuni. Yawe maji ya bomba au ya mvua. Visima vingi vya karibu na bahari vina maji ya chumvichumvi, na kuoshea hayo ni kurudisha ulichokitoa. Ondoa tope lote lililokauka juu ya ekseli na nyuma ya springi, maana tope hilo limeshiba chumvi.

Ndipo uondoe kutu. Magamba yanayobanduka yatoe kwa nyundo ndogo na patasi, mabaki kwa grenda yenye brashi ya waya, kisha msasa wa 80. Ila kabla hujawasha grenda fahamu jambo moja. Rangi za zamani za magari ya jeshi, hasa praima ya chini kabisa, zinaweza kuwa na risasi au kromati. Vumbi lake ni sumu, na kwa mtoto risasi inaharibu ubongo. Usifanye kazi hiyo uani watoto wanapocheza wala karibu na kisima. Pale penye rangi nene tumia msasa wa maji, vaa barakoa ya kuzuia vumbi na si kitambaa, tandika turubai, kusanya maganda, na oga kabla ya kumshika mtoto. Na mtu akikushauri kupuliza mchanga kwa kompresa, ni njia nzuri mno ya kusafisha chuma, ila si kwa mchanga wa ufukweni. Mchanga huo umejaa chumvi, na vumbi la mchanga wowote wenye silika linaua mapafu polepole, bila dawa.

Ukishafika kwenye chuma cheupe, osha tena, kausha kwa kitambaa, uache mpaka asubuhi. Hapo ndipo chuma kinasema kweli. Kikiwa na wekundu mwepesi uliosambaa sawasawa, huo ni unyevu wa hewa, unaondoka kwa msasa. Ukiona vidoti vyeusi au vya manjano vinavyotokwa na machozi ndani ya vishimo, bado kuna chumvi. Osha, sugua, rudia. Watu huchoka hapa, wakapaka rangi, na ndipo kazi nzima inapoharibikia. Rudia mara tatu kama ni lazima. Maji ni bei rahisi kuliko rangi.

Wakati huohuo ndio wa kupima nini kinabaki na nini kinakatwa. Gonga kila mahali kwa nyundo ndogo. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinajibu kwa sauti butu, na chembamba kinabonyea. Bonyeza bisibisi kwenye pembe za sakafu, chini ya mlango wa nyuma, kwenye mashikio ya springi. Chesisi iliyofungwa pande zote huoza kuanzia ndani, kwa hiyo ingiza kamera ya simu na tochi kwenye matundu utazame. Sakafu na mabawa yakioza, tunakata. Mashikio ya springi au chesisi yenyewe ikibonyea kwa nyundo, simama, muite fundi wa chesisi aje alione tela kwa macho yake. Hayo hayaamuliwi kwa maandishi.

Kipande kibovu kikatwe mpaka kwenye bati zima, na kipya kiwe na unene uleule, kiketi ukingo kwa ukingo na cha zamani, pembe zake zimeviringwa. Kisilaliane. Pale ambapo kulaliana hakuepukiki, mshono upite kuzunguka kote na si nukta nukta, kisha uzibwe kwa gundi ya kuzibia bodi kabla ya rangi ya juu. Kwa bati jembamba mwambie fundi atumie mashine ya gesi, au kama ana ya vijiti basi kijiti chembamba na moto mdogo, akiruka huku na huku ili bati lisijikunje. Kabla sakafu haijafungwa, toboa matundu ya kutolea maji kwenye kila pembe ya chini. Kama tela lilikuwa na vizibo vya asili, huenda vimezibwa kwa rangi. Vizibue.

Rangi ninayokushauri ni epoksi ya makopo mawili yanayochanganywa kabla ya kupaka. Tafuta ile iliyotengenezwa kwa ajili ya chuma kilichosafishwa kwa mkono, wauzaji wa rangi za meli wanaijua. Praima yenye zinki nyingi ni bora zaidi kwa nadharia, kwa kuwa zinki hujitoa iliwe badala ya chuma, lakini inataka chuma kilichosafishwa mpaka kikang'aa, na kwa brashi ya waya hutafika huko. Anza kwa brashi ndogo kwenye kila ukingo, kila mshono, kila kichwa cha bolti, maana rangi ikikauka hujivuta na kuacha kingo nyembamba. Kisha paka sehemu zote, tabaka mbili nzuri. Lenga unene wa jumla wa mikroni 200 (milimita 0.2) au zaidi. Rangi ya mafuta ya kawaida hukupa kama 30 au 40 kwa tabaka. Epoksi inachoshwa na jua na kuwa unga, hivyo juu yake weka poliurethani, na uipake kwa brashi au rola. Kuipuliza bila kinyago cha hewa safi ni hatari kwa mapafu, hata ukiwa nje. Kopo likichanganywa lina saa zake, likishaanza kuganda usiliongezee tina. Petroli usiikaribishe kabisa.

Ndani ya chesisi, ambako brashi haifiki, ndiko mafuta yanakostahili. Pulizia nta ya kukinga kutu ukiipata, la sivyo oili mpya iliyochanganywa na grisi. Iwe mpya. Fanya hivyo baada ya rangi, wala si kabla.

Gharama itakuuma kwenye epoksi na uchomeleaji, na si haba. Kwa hiyo nakupa njia mbili kwa uaminifu. Kama pesa ni ndogo, fanya mkono wa kuvutia na sakafu tu, osha, kwangua, dawa ya kutu, epoksi tabaka mbili chini na ndani, mabawa uyaache yalivyo. Itakupa muda, pengine miaka miwili, ukiwa unaosha. Kama chesisi ni mbovu sehemu nyingi, uza chuma chakavu, uchukue ekseli, magurudumu na pete ya kuvutia kama ni zima, utengenezewe fremu mpya. Ipo na njia ya kuchovya bodi nzima kwenye zinki iliyoyeyuka, joto la nyuzi 450 hivi, na kwa tela la samaki hakuna kinga ninayoipenda zaidi. Lakini kila boksi lililofungwa lazima litobolewe kwanza, la sivyo hewa na maji vilivyomo ndani vinalipuka, na bati jembamba linaweza kupinda. Hilo liamuliwe na kiwanda chenyewe baada ya kuliona.

Rangi ya kijani ya jeshi usiirudishe, chagua nyingine, kukuepusha na maswali barabarani. Kile kibati cha maandishi kilichogongewa kwenye fremu usikipake rangi wala kukitupa, mara nyingi kina uzito unaoruhusiwa. Tani robo tatu ni kilo 750 hivi, na barafu iliyolowa ina uzito kuliko watu wanavyodhani.

Kazini, samaki wasikae juu ya sakafu. Tengeneza chaga ya mbao ili maji yapite chini na kutoka, na mbao isiwe ile iliyotiwa dawa yenye shaba, kwa sababu shaba inakichochea chuma kuliwa. Mkeka wa mpira usiutandike. Kila ukirudi kutoka Lushoto, kabla hujalala, ndoo tano za maji matamu ndani na chini.

Kuhusu masika, sikushauri upake rangi sasa kwa haraka. Epoksi juu ya chuma chenye unyevu haishiki, na ukianza Machi mvua itakukuta katikati. Kabla ya mvua fanya vitu vitatu: jaribio la mafuta ya taa na chaki kwenye mkono, matundu ya maji sakafuni, na kuosha chumvi yote. Kisha litoe tela kibandani, lifungue mlango wa nyuma, liinue mbele kidogo, uiache masika ilioshe. Kati ya Julai na Septemba, kusi ikiwa imekauka, kata, chomelea na upake. Anza kupaka saa nne asubuhi umande ukishakwisha, na saa tisa alasiri uwe umeweka brashi chini, ili tabaka lishike kabla ya unyevu wa jioni. Upande wa tela unaotazama bahari uufute kwa kitambaa chenye maji matamu na kuukausha kabla ya kila tabaka, hata kama ulipaka jana tu, kwa sababu usiku mmoja wa Sahare unatosha kuweka chumvi katikati ya rangi na rangi.